Banda la Kuku Nililolijenga Mara Mbili

Vijana wangu, mnakuja hapa Nyabiondo na picha za mapaa kwenye simu zenu, mnaniuliza tulikataje mbao za paa la kanisa bila mashine. Leo sitawajibu. Paa la kanisa lilikuwa kazi nyepesi: kulikuwa na wanaume kumi na wawili wa kulinyanyua, katekista wa kutuombea, na akina mama wa kupika maharagwe. Nataka niwasimulie kazi iliyonishinda baada ya kushika randa kwa zaidi ya miaka arobaini. Ilikuwa banda la kuku. Tena la kuku mmoja.

Msicheke kwanza. Mtapata pa kuchekea huko mbele.

Wakati huo nilikuwa nimeshaweka vyombo chini. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vinakufa ganzi, na katika kila misumari mitatu niliyopiga, mmoja ulipinda. Mke wangu, Mama Riziki, hakunificha. "Papa, misumari haikuogopi tena," aliniambia. "Pumzika." Nikafunga msumeno, randa na patasi kwenye mfuko wa turubai, nikauweka kwenye kona ya jiko, nikaanza kazi ya kukaa. Ni kazi ngumu, mtaiona mkifika.

Mke wangu alikuwa na rafiki mmoja kutoka upande wa Walikale, mama aliyeleta mawese katika soko letu na kulala kwetu kabla ya kurudi. Siku moja alikuja bila mawese. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, jina lake Asifiwe, na kikapu chenye kuku mweupe mwenye shingo nyeusi.

"Mama Riziki, mi naenda Rubaya, kupikia bale banachimba madini," alisema. "Kule haiko fasi ya mutoto. Munibakizie yeye. Nikipata feza ya kupanga nyumba, nitakuya kumukamata."

Mke wangu hakuniangalia hata kuniuliza. Alikwisha kumvua mtoto kanga iliyolowa.

Yule mama alitoa kuku kikapuni, akamweka mikononi mwa binti yake. "Hii ni yako. Uichunge muzuri. Nikirudi niikute na batoto yake."

Asifiwe aliuliza, "Ikiwa na batoto wangapi njo utarudi?"

Mama yake alicheka, halafu akaacha kucheka. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki, akaenda.

Sasa mniruhusu niwaeleze huyo mtoto, kwa maana bila yeye hakuna hadithi. Mimi nimelea watoto wangu sita, na wote sita pamoja hawakuniuliza maswali ambayo Asifiwe aliniuliza katika juma moja. Kuku akinywa maji, kwa nini anainua kichwa na kuangalia mbingu? Analala macho wazi au amefunga? Yai likiwa ndani, linajua namna gani upande wa kutokea? Nilikuwa nimekula mayai maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kuhusu hilo la upande. Nilimwambia aende akamwulize mwalimu.

Kumbe lilikuwa kosa, au labda bahati. Mwalimu wa mwaka wa tano alikuwa amewapa wanafunzi wake proje: kila mmoja achague kitu chenye uhai nyumbani, akitunze, na kuandika katika kaye, yaani daftari, kila anachokiona. Karibu darasa zima lilichagua maharagwe, kwa sababu maharagwe hayakimbii. Asifiwe alichagua kuku wake. Akampa jina Madamu, kwa vile alitembea kifua mbele kama mwalimu anayekagua madaftari.

Madamu alilala jikoni kwetu. Na katika jiko lote, penye kuni, vikapu na vyungu, alichagua kulala juu ya mfuko wangu wa vyombo. Asubuhi moja nilifungua mfuko nichukue kisu, nikakuta randa yangu, ile niliyoinunua nikiwa kijana, imepakwa mavi tangu mpini hadi kwenye makali. Nikasema: basi. Huyu atajengewa nyumba yake.

Asifiwe aliruka juu kwa furaha. "Mi nitakusaidia, Papa Fundi?"

"Wewe utaangalia," nilimwambia.

Hapo, vijana, ndipo nilipoanza kukosea, hata msumari wa kwanza haujapigwa.

Nilijenga banda zuri. Siwadanganyi, lilikuwa zuri kupita nyumba nyingi za hapa. Nilikuwa na mbao za grevilea zilizobaki, zimekauka vizuri, nikazipiga randa pande zote mbili. Kwenye kona sikutumia misumari, nilifanya maungio ya ulimi na tundu, ubao unaingia ndani ya ubao, huwezi kupitisha hata jani la mgomba katikati. Nikaliweka chini, juu ya udongo tulioushindilia. Nikaweka paa la manjanja, yale mabati yetu, na mlango wenye bawaba. Nikaweka na kidirisha chenye kifuniko, nikakifunga, kwa sababu mnajua baridi ya vilima vyetu na ukungu unaotambaa hadi saa nne asubuhi. Nilikuwa namhurumia kuku.

Jirani walikuja kuona. Mmoja aliuliza kama ningeweza kumjengea kama lile, la mtu. Nilijisikia kijana tena.

Asifiwe alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, kaye yake magotini.

"Papa Fundi, kuku itapata upepo humu?"

"Upepo ndiyo tunaukataza."

"Na juu ya nini haiko na fasi ya kupanda? Mu jiko inapanda juu ya mufuko yako."

"Mutoto," nilimwambia, "mi nimejenga kanisa."

Aliandika kitu katika kaye. Baadaye sana nilikisoma. Alikuwa ameandika: *Papa Fundi amejenga kanisa. Kuku hasali.*

Madamu alikataa kuingia. Jioni ya kwanza alizunguka banda mara tatu, akatazama mlango, akarudi jikoni. Tulimwekea mahindi ndani. Aliingia, akala, akatoka. Mwishowe nilimsukuma kwa mkono na kufunga. Nilifanya hivyo kila jioni, hadi akazoea, au akachoka kubishana na mzee.

Alianza kutaga, kisha akaatamia, na siku ya ishirini na moja vifaranga tisa walitoka. Asifiwe hakwenda shule siku hiyo. Alilala kifudifudi mbele ya mlango toka asubuhi, akapata jibu la swali lake kuhusu upande, maana aliona kifaranga anavyogonga ganda akizunguka kidogo kidogo kama mtu anayefungua kopo. Alikuja mbio kuniambia. Tulimpigia mama yake huko Rubaya, na mtandao ukakubali.

"Tisa, Mama! Iko tisa!"

Nilisikia sauti ya yule mama ikilia kwa furaha katikati ya kelele za watu na masufuria. Alisema atakuja kuwaona kabla hawajakuwa wakubwa.

Halafu mvua ikaanza.

Asubuhi ya siku ya nne ya mvua tulifungua mlango, tukakuta wawili wamelala ubavu. Kesho yake watatu. Waliobaki walikuwa wamevimba macho, wanapumua midomo wazi, na mabawa yao yameshuka kama nguo zilizoloa. Katika siku nane tulizika vifaranga wanane nyuma ya mgomba. Alibaki mmoja tu, mweusi, na Madamu mwenyewe alikuwa anakohoa.

Asifiwe hakulia. Alisimama pale nyuma ya mgomba na kijiko cha kuchimbia, akauliza sababu, "Juu ya nini?"

"Ni ugonjwa," nilisema. "Kuku ni vile. Ugonjwa ukipita, unafagia."

"Ugonjwa gani?"

"Ule mukubwa."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Sikujua kitu.

Juma hilo hilo fundi wa mifugo, tunayemwita veterineri, alipita na pikipiki yake akidondoshea kuku wa kijiji chanjo ya jichoni. Asifiwe alimfuata nyumba tatu hadi akamleta kwetu. Yule kijana alimshika Madamu, akamfungua mdomo, akamtazama macho, akasikiliza kifua.

"Ule ugonjwa mukubwa hapana," alisema. "Ule ungemaliza na mama yao, ungemaliza na kuku ya jirani. Hapa jirani iko muzima. Hii ni kifua. Zinalala wapi?"

Nilimwonyesha banda. Alilitazama, akapapasa kona.

"Mbao muzuri sana, Papa," alisema kwa adabu. Halafu akaondoka upesi, kama mtu aliyeona kitu katika nyumba ya mkubwa wake na hataki awe wa kwanza kukisema.

Asifiwe hakuwa na adabu ya namna hiyo. Alifungua mlango, akaingiza kichwa ndani ya banda, akakaa humo nafikiri kwa muda wa Baba Yetu tatu. Alipotoka, machozi yalikuwa yanamchuruzika hadi kidevuni.

"Usilie, mutoto wangu," nilisema.

"Silie. Ni macho inaungua. Ingiza kichwa yako, Papa."

"Mi niingize kichwa mu banda la kuku?"

"Ingiza tu uone."

Niliingiza kichwa. Vijana, hapa ndipo mnaruhusiwa kucheka. Mlango niliupimia kuku, na kichwa changu kilipita kwa sababu nilikigeuza upande, lakini kutoka hakikutoka. Masikio yalikataa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope, makalio juu, nikipiga kelele ndani ya sanduku la grevilea, na Asifiwe alikuwa anaita, "Mama Riziki! Papa amekwama mu nyumba ya kuku!" Nilisikia miguu ya mke wangu ikija, kisha ikasimama, kisha kicheko chake, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu harusi ya binti yetu wa pili. Hakuweza kunivuta kwa kucheka. Jirani wakaja. Wakacheka nao.

Lakini mimi mle ndani sikuwa nacheka. Nilikuwa na muda wa kutazama. Harufu ya mavi mabichi ilinipanda puani kama pilipili, macho yakachoma. Juu yangu, upande wa chini wa manjanja, kulikuwa na matone ya maji yaliyopangana kama shanga, na moja baada ya jingine yalidondoka kwenye shingo yangu. Mbao zangu nzuri zilikuwa zimeloa kwa ndani. Pumzi ya kuku ilipanda, ikakosa pa kutokea, ikageuka maji, ikarudi kuwanyeshea. Nje tulikuwa na mvua, na ndani nilikuwa nimewajengea mvua yao ya pekee.

Waliponitoa, kwa kung'oa ubao mmoja, nilikaa chini. Mke wangu alipoona uso wangu aliacha kucheka, akawaondoa jirani.

"Asifiwe," nilisema, "haikuwa ugonjwa. Ni miye niliwaua watoto wa kuku yako. Uliniuliza upepo, nikakujibu kanisa."

Nilikuwa tayari anitukane. Aliuliza, "Sasa tutafanya aje?"

Hapo inabidi nitoke kidogo nje ya banda niwaambie juu ya aliyenifundisha kazi, Papa Kambale, fundi aliyetoka Butembo na kuhamia kwetu nikiwa na miaka kumi na tisa. Mara moja nilitengeneza mabenchi ya shule, arobaini, nikayapimia magoti yangu mwenyewe. Papa Kambale alikuja, akayatazama. Alichukua benchi moja, akaliinua juu ya matofali hadi miguu yangu isifike chini nikikaa, akanipa kalamu na karatasi, akaniamuru ninakili ukurasa mzima wa katekisimu. Baada ya robo saa mapaja yalikuwa yanauma. Nikataka kushuka. "Masomo haijaisha," alisema. Nilikaa pale hadi saa sita. Niliposhuka nilianguka, miguu haikuwa yangu tena. Siku mbili zilizofuata nilikata miguu ya mabenchi arobaini kwa msumeno wa mkono, na hakuna aliyenisaidia.

Miaka mingi nilisimulia kisa hicho ili watu wacheke. Nilidhani nimekielewa. Kukielewa hasa nilikielewa pale kwenye matope, masikio yakiniuma.

Basi safari hii hatukugusa ubao kwa juma zima. Tulitazama. Kila siku baada ya shule mimi na Asifiwe tulikaa kwenye kigoda na gogo, tukamfuata Madamu kwa macho popote alipokwenda. Wapita njia waliuliza kama tunamchunga asiibiwe. Madamu na kifaranga wake mweusi tulikuwa tumewarudisha jikoni, karibu na moto, na kikohozi kilikuwa kimepungua. Asifiwe alipima kwa kamba urefu wa kila mahali alipochagua kurukia. Tuliona kwamba jua likianza kuzama hatafuti mlango, anatafuta juu. Tuliona kwamba akitaka kutaga anatafuta giza, lakini akitaka kulala anatafuta hewa. Tuliona kwamba anaposhika kitu cha duara vidole vyake vinahangaika, na akikaa juu ya kitu bapa anakunja miguu na kuifunika kwa manyoya, hapo baridi haimpati.

Siku ya tano nilimwuliza Asifiwe swali ambalo ningemwuliza tangu siku ya kwanza kama ningekuwa na akili.

"Kwenu, upande wa Walikale, kuku zinalala wapi?"

Alishangaa. "Kwetu? Kwetu zinalala juu. Baba Mukubwa anajenga nyumba ya kuku na miguu mirefu, chini ni miti imetengana, mavi inaanguka. Mu pori siafu iko mingi. Ukiweka kuku chini, siafu inakula yote, unakuta manyoya tu."

"Na wewe ulijua hivyo wakati wote?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Uliniambia niangalie."

Nilivunja banda langu mwenyewe. Yale maungio ya ulimi na tundu yalikataa kuachana, nikalazimika kuyapasua kwa shoka.

La pili tulilijenga wawili. Misumari yangu bado ilipinda, basi Asifiwe alishika msumari na mimi nikapiga. Halafu akaona ni heri mimi nishike na yeye apige, maana vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kufa ganzi na havisikii sana. Alinigonga mara nne. Mara ya nne aliniomba msamaha. Zile tatu alidhani sikuziona.

Sikilizeni sasa, hii ni sehemu ya kubeba nyumbani. Miguu minne ya mkaratusi, urefu wa kufika kiunoni mwa mtoto, na kila mguu tuliusimamisha ndani ya kopo kuukuu lenye oili chafu tuliyoomba kwa mafundi wa pikipiki, ili siafu wasipande. Sakafu ni mianzi iliyopasuliwa, yenye mianya. Nilisema mwanya uwe wa kidole. Nikapima na kidole changu, tukamjaribisha yule kifaranga mweusi, mguu wake ukazama hadi pajani. Asifiwe akasema kidole kiwe chake. Tukapima upya, mavi yakapita na mguu haukupita. Ukuta wa upande unakotoka upepo tuliufunga mbao hadi juu ya mgongo wa kuku. Kutoka hapo hadi kwenye paa tuliacha wazi, tukaweka matete yaliyosukwa kwa upana ili kicheche asipite. Manjanja tuliyaweka kwa mteremko, na chini yake tukatandika nyasi kavu, yakaacha kudondosha maji. Kijiti cha kulalia kilikuwa bapa, kingo zimeondolewa kwa randa. Na kiota cha kutagia tulikiweka kwenye kona yenye giza, na pazia la gunia.

Lilikuwa baya kulitazama. Lilisimama kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Yule jirani aliyetaka la mtu hakurudi.

Jioni tulipomaliza, tulikaa kwenye gogo. Madamu alikuja. Alitazama ngazi tuliyomwekea. Alipanda kipandio kimoja, akasimama, akageuza kichwa kututazama kwa jicho moja, akapanda cha pili, akaingia. Tulisikia vidole vyake kwenye mianzi, kisha akaruka kwenye kijiti, kisha kimya. Asifiwe alinishika mkono, ule wa ganzi, na niliusikia mkono wake vizuri kabisa.

Madamu alirudi kutaga. Safari hii vifaranga walikuwa kumi na mmoja, na mvua ilipokuja, mvua kubwa za msimu, walikuwa wakavu. Kila asubuhi Asifiwe aliingiza mkono na kupapasa mbao. "Kavu," alisema. Aliandika: *Kavu*. Ukurasa mzima wa kaye ulikuwa na neno hilo.

Na katika mvua hizo hizo madereva wa pikipiki walileta habari kwamba upande wa Rubaya kilima kimoja cha machimbo kimeporomoka juu ya watu.

Tulipiga simu ya mama yake. Haikupita. Tulipiga asubuhi, mchana, jioni. Nilishuka barabarani kila siku kuuliza kila aliyetoka kule. Wengine walisema njia imekatika. Mmoja alisema na jiko lililokuwa chini ya kilima limefunikwa. Mwingine akasema hapana, jiko lilikuwa ng'ambo ya pili. Sikumwambia Asifiwe lolote, lakini watoto wa shule walikuwa wamekwisha kumwambia yote.

Kilichoniogopesha ni kwamba aliacha kuuliza. Nyumba iliyozoea maswali thelathini kwa siku ilinyamaza. Alikwenda shule, akarudi, akachota maji, akasafisha banda. Alisafisha asubuhi na jioni, hata palipokuwa safi. Katika siku zote hizo aliniuliza swali moja tu. Tulikuwa tunakata majani ya kuku, na hakuinua macho.

"Papa Fundi, udongo ikianguka juu ya muntu, chini kunabakia upepo ya kupumua?"

Ningeweza kumjibu kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara moja.

"Sijui, mutoto wangu," nilisema. "Kweli, sijui."

Alitikisa kichwa, tukaendelea kukata majani.

Siku ya saba, mchana, mvua ilikuwa imesimama kidogo. Nilikuwa nimekaa mlangoni nanoa patasi, maana vyombo vilikuwa vimetoka tena mfukoni. Mwanamke mmoja alikuwa anapanda njia yetu kwa miguu, matope hadi magotini, mzigo kichwani, kanga imegeuka rangi ya barabara. Sikumtambua hadi alipokuwa uani. Patasi ilinitoka mkononi.

"Njia ilikatika," alisema, kama mtu anayeomba msamaha. "Simu iliingia mu maji. Nimetembea siku tatu, Papa." Macho yake yalikuwa yanazunguka uani kunipita. "Mutoto wangu iko wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole.

Chini ya banda, kati ya miguu minne ya mkaratusi, ilionekana miguu miwili tu ya mtoto, nyayo nje. Asifiwe alikuwa ameingia chini kukwangua mavi, na kwa kelele ya jembe lake dogo hakuwa amesikia kitu. Yule mama alizitazama zile nyayo kana kwamba hana hakika ni za nani. Zilikuwa zimekua.

"Asifiwe," aliita.

Jembe likanyamaza. Nyayo zikasimama, vidole vikakunjwa.

Halafu sauti ikatoka chini ya banda, ndogo, inatetemeka, lakini ya mtu mwenye kazi. "Ngoja, Mama. Inabakia kona moja."

Na jembe likaanza tena, upesi, upesi zaidi, kama limepagawa.

Yule mama alitua mzigo. Alipiga magoti kwenye matope, akainamisha kichwa, akaingia chini ya banda alikokuwa binti yake. Sasa zilionekana nyayo nne. Jembe lilinyamaza. Nilimsikia Madamu, aliyekuwa juu yao na watoto wake kumi na mmoja, akilalamika kwamba sakafu inatikiswa.

Kisha nikamsikia mtoto: "Mama, mu nywele yako iko udongo nyekundu. Hii ni udongo ya wapi?"

Mama yake alianza kumweleza. Hakuwa amemaliza, likaja swali la pili, na la tatu. Nilienda jikoni kumwambia Mama Riziki aongeze unga wa bugali, na asiharakishe moto, kwa sababu wale wawili hawakuwa watu wa kutoka chini ya lile banda upesi.